Miwani Iliyosahauliwa Nyumbani

Asiyepata kuhudhuria sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo kule Mfaranyaki, mjini Songea, aje kwanza pamoja nasi kwa fikra. Ni jioni. Watu wametoka shambani na sokoni. Viti vichache wamepewa wazee, na mikeka imetandikwa kwa ajili ya wengine. Wimbo umekwisha. Sasa yasomwa Injili ya Jumapili, nayo husomwa kwa zamu: huyu mistari miwili, yule mistari miwili, na kitabu chapita mkono kwa mkono. Chamfikia mama mmoja mtu mzima. Akipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akitazama kitambo kidogo, kisha ampa mtoto aliyeketi karibu naye. "Soma wewe, mwanangu. Mimi leo nimesahau miwani nyumbani."

Mtoto asoma. Sala yaendelea. Wala hakuna anayeuliza neno, maana jumuiya nzima yajua kwamba mama huyo hana miwani, wala hajapata kuwa nayo.

Hatumtaji jina, kwa kuwa hatumsemi mtu mmoja. Mama huyu yuko Mfaranyaki, yuko Tabora, yuko Kigoma na Tanga; na mara nyingine ni baba. Twazisema habari zake kwa sababu ya neno jingine, lile alisemalo wakati wa kuagana, anapoombwa aongoze sala ya juma lijalo au atunze fedha kidogo za jumuiya. Husema: "Mimi ni nani? Mimi mtu bure tu. Watafuteni wenye akili." Na wenzake hurudi majumbani wakimsifu: tazameni unyenyekevu wake!

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo twapenda kusimama leo. Je, huo ni unyenyekevu?

Sisi twaona sivyo. Mtu mnyenyekevu hukiona alicho nacho na asicho nacho, akavitaja vyote viwili bila kuona haya, akamshukuru Mungu kwa hicho na kumwomba hiki. Kama mama yetu angalisema, "Sijui kusoma," huo ungalikuwa unyenyekevu wenyewe, tena mwanzo wa kujifunza. Lakini alificha lililo kweli kwa neno lisilo kweli, halafu akajishusha chini kuliko mahali Mungu alipomweka. Mwanamke aliyelea watoto sita, aliyelima na kuuza mahindi yake bila kupunjwa hata senti, aliyewauguza wazee wa mume wake mpaka wakafa mikononi mwake, huyo si mtu bure. Akisema ni mtu bure, amekosea hesabu.

Hatuandiki haya ili kumhukumu. Miwani ile ni uwongo mdogo sana uliozaliwa na aibu kubwa sana, na sote tunayo miwani yetu. Yuko baba ambaye kila ikaribiapo Pasaka husema kazi zimemzidi, asiende kuungama, ilhali sababu ni nyingine: ameungama ulevi ule ule mara kumi, naye aona haya kumrudia padre mara ya kumi na moja. Yuko kijana aliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne, asemaye kwamba siku hizi biashara ni bora kuliko shule, na biashara yenyewe haianzi. Hata sisi tunaoandika ukurasa huu tumepata kuiweka barua ya msomaji mezani majuma mengi, kwa kudhani kwamba hatuna elimu ya kutosha kumjibu neno lililomsumbua. Kumbe msomaji yule alingoja mistari mitatu tu, ajue kwamba barua yake ilifika.

Bwana Wetu alimjua mtu wa namna hii, akamweka katika mfano wa talanta. Sisi tuhubirio hupenda kukaa na yule wa talanta tano, na yule wa tatu tukampita haraka kwa kumwita mvivu. Ni kweli, bwana wake alimwita hivyo. Lakini yeye mwenyewe, alipoulizwa, alitaja sababu ya uvivu wake: aliogopa. Hakuinywea ile fedha pombe, wala hakuipoteza katika mchezo wa kamari. Aliizika kwa uangalifu, akairudisha kamili. Na talanta moja haikuwa kitu kidogo. Ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi yule aliyejiona maskini kando ya wenzake alikuwa ameshika mikononi ujira wa miaka karibu ishirini! Macho yake yalikuwa juu ya mfuko wa jirani, asiupime ule wa kwake.

Tena, sikilizeni alivyoambiwa. Hakuulizwa mbona hakuleta talanta tano, wala hata mbili. Aliulizwa kwa nini hakuiweka fedha kwa watoao riba, ili bwana aipokee pamoja na faida yake. Faida ya namna hiyo ndiyo ndogo kuliko zote: haihitaji werevu wa mfanyabiashara wala ushujaa wa msafiri. Kumbe Mungu, kwa mtu mwoga, aomba kidogo sana. Lakini hicho kidogo akitaka kweli.

Kwa hiyo twadhani kwamba shaka ya mtu juu ya nafsi yake haiponi kwa kusifiwa. Mwambie mama yule mara mia kwamba aweza, atatabasamu kwa adabu, asisadiki. Atasadiki siku atakapoliona neno lililomshinda jana, na leo alijua. Shaka ile ilijengwa kwa kushindwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, nayo hubomoka vivyo hivyo. Bandu bandu huisha gogo, walisema wazee, nao walikuwa watu waliokata magogo kweli.

Wakristu wa Songea wanaye mlinzi anayelijua jambo hili. Kanisa Kuu la Songea limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Mathias Mulumba Kalemba, mmoja wa Mashahidi wa Uganda. Tumezoea kumheshimu kwa ajili ya kifo chake, nacho kilikuwa cha kutisha: alikatwa viungo, akaachwa porini peke yake siku tatu, akafa tarehe 30 Mei 1886. Baba Mtakatifu Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini leo twawaomba muitazame miaka iliyotangulia kifo hicho, maana husahauliwa.

Kalemba alizaliwa Busoga. Alipokuwa mtoto alitekwa vitani, akapelekwa Buganda, akakulia huko ugenini mpaka akapata cheo. Alipowajia Mapadre Weupe kuomba mafundisho, mwaka 1880, alikuwa amekwisha kupita miaka arobaini. Alikuwa amefuata Uislamu, kisha akasikiliza mafundisho ya Waprotestanti, na sasa alianza tena mara ya tatu. Wakatekumeni wengi wenziwe walikuwa vijana wa ikulu, wepesi wa kukumbuka. Mtu wa umri wake na cheo chake angaliweza kusema kwamba wakati wake umepita. Hakusema hivyo. Alijifunza neno baada ya neno kwa muda wa karibu miaka miwili. Alikuwa na wake wengi, akabaki na mmoja. Yasimuliwa kwamba yeye, aliyezoea kubebewa, alianza kujitwika mzigo wake mwenyewe safarini. Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882.

Na kilichofuata ndicho kitushangazacho kuliko vyote. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule mapadre waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kwenda upande wa kusini, wasirudi mpaka mwaka 1885. Hapakuwa na Misa wala padre wa kuungamisha. Mathias alikuwa Mkristu wa miezi sita. Kule Mityana alikoishi, watu wakamtazama yeye. Hakujibu, "Mimi ni nani?" Aliyoyajua aliwafundisha, na asiyoyajua hakuyafundisha; na mapadre waliporudi waliwakuta Wakristu wameongezeka. Ushujaa wa siku zile tatu za mateso haukuanguka kutoka mbinguni kama mvua ya ghafula. Neema ilikuwa imeutayarisha katika siku nyingi zisizo na sifa, siku za kurudia swali la katekisimu na za kubeba mzigo.

Pengine mtu atasema: huyo alikuwa mtemi, tena shahidi, mimi mama wa Mfaranyaki nitaketi darasani pamoja na wajukuu? Basi asikie habari za askari mmoja wa Hispania. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu hivi alipoketi, mwaka 1524, mjini Barcelona, kujifunza Kilatini cha mwanzo, masomo wanayofundishwa watoto. Mguu wake ulikuwa umevunjwa vitani na mzinga miaka mitatu kabla. Na tazameni jaribu lililompata. Kila aliposhika kitabu akariri maneno yale makavu, alijiwa na mawazo matamu ya kiroho, akaliacha somo. Mwanzoni alifurahi. Baadaye akajiuliza: mbona utamu huu haunijii ninaposali, wala katika Misa, bali hunijia wakati wa somo tu? Akafahamu kwamba ni kishawishi kilichovaa nguo za ibada. Alimwendea mwalimu wake, akamweleza wazi, akamwahidi kwamba kwa muda wa miaka miwili hatakosa kumsikiliza, maadamu atapata mkate na maji mjini. Jaribu lile likakoma.

Neno "mimi mtu bure tu" ni ndugu yake jaribu lile. Nalo limevaa nguo za ibada, na kazi yake ni kutuondoa kwenye kitabu.

Inyasi yule yule alituachia namna ya kujirekebisha iliyo nyepesi, hata mtu asiyejua kusoma aweza kuifuata. Chagua kosa moja, si kumi. Asubuhi kusudia kuliepa. Mchana jihesabu, na jioni jihesabu tena. Kwa kila mara uliyoanguka tia alama moja katika mstari wa siku ile. Kisha linganisha siku hii na jana, juma hili na juma lililopita. Twapenda hasa neno hilo: linganisha na jana yako. Hapana mahali alipoagiza ujilinganishe na jirani. Baba yetu mwenye aibu ya kuungama, kama juma hili amelewa mara mbili na juma lililopita mara nne, amwendee padre na hesabu hiyo. Padre mwenye busara atamshukuru Mungu pamoja naye kwa ajili ya zile mbili zilizopungua, na hapo hapo atamwonya kwa ajili ya zile mbili zilizobaki. Wala asiseme kwamba kujaribu mara kwa mara ni kumdhihaki Mungu. Watawa Wabenediktini, walioanza misioni ya Peramiho mwaka 1898, safari fupi tu kutoka Songea, huweka nadhiri ya kugeuza mwenendo wao, nao huiweka kwa maisha yote. Kama mtu angaligeuka mara moja na kumaliza, kungalikuwa na haja gani ya kuahidi mpaka kufa? Na Mtakatifu Benedikto mwenyewe, alipofika mwisho wa Kanuni yake, aliiita kanuni ndogo ya watu wanaoanza.

Turudi kwenye kusoma, maana nchi yetu imeona kwa macho yake jambo tunalolisema. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakaanza kukusanyika jioni chini ya miembe na katika madarasa ya watoto, wengine wakiwa na wachanga mgongoni. Waliitwa ngumbaru. Wachekaji walilitumia jina hilo kwa dharau, na twamjua kila mmoja wetu mtu aliyeacha darasa kwa kuchekwa tu. Walioshinda kicheko walianza na silabi, wakaenda kwenye neno, wakafika kwenye sentensi fupi juu ya pamba na ndizi na samaki, yaani mambo ya kazi yao wenyewe. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua wamepungua hadi 39 katika kila mia. Mwaka 1977 walikuwa 27. Mwaka 1981 walikuwa 21. Na mwaka 1986 walihesabiwa kuwa chini kidogo ya 10. Hapana mwaka mmoja katika hiyo uliofanya mwujiza.

Lakini tuseme kweli yote. Baada ya hapo madarasa mengi yalififia, na wengi waliokwisha kujua walisahau kwa kukosa kitu cha kusoma nyumbani. Pengine wazazi wa mama yetu walikuwa miongoni mwao. Pengine naye mwenyewe alijua kidogo utotoni, kikapotea. Kidogo kisichorudiwa kesho hakingojei pale kilipoachwa. Ndiyo sababu twaona kwamba mistari miwili kila jioni ni bora kuliko kitabu kizima wakati wa Kwaresima.

Hapa twataka kusema neno na wengine waliomo nyumbani, kwa maana mara nyingi tumemhubiria mwenye aibu tukawaacha wenye kumtia aibu. Ninyi akina baba, mke wako akiomba kufundishwa herufi na binti yako, usiulize kwa kicheko kama ataka kuwa karani. Ninyi watoto mliosoma, mzazi akilisoma neno vibaya, msitazamane. Yeye hakuwacheka mlipoanguka mkijifunza kutembea, nanyi mlianguka mara nyingi kuliko mnavyokumbuka. Na ninyi viongozi wa jumuiya, mnaompitisha mama yule kila juma mkidhani mwamstahi, jiulizeni kama hamkuchoka tu kumngoja. Kumpitisha mtu ni rahisi, na sala huisha mapema.

Wala hatusemi kitabu kitiwe mikononi mwake kwa nguvu mbele ya watu. Hilo lingekuwa ukatili. Kalenda ya liturjia yaonyesha tangu sasa Injili ya Jumapili ijayo. Kiongozi na auchague mstari mmoja, ulio mfupi, amwendee nyumbani mchana, wakiwa wawili tu, amwamkie na kumwambia: "Mama, mstari huu ni wako, siku ya Alhamisi." Mjukuu amsomee jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa, huku kidole kikipita chini ya maneno. Labda ataujua kwa moyo kabla ya kuujua kwa macho. Si neno, wengi wetu tulianza hivyo kwa Baba Yetu na Salamu Maria, na macho yakafuata baadaye. Juma la pili apewe mstari mwingine. Akikataa juma la kwanza, aombwe tena juma la tatu, kwa upole ule ule, pasipo kumkumbusha kwamba alikataa.

Na siku ile itakapofika, kitabu kikimfikia, aweke kidole chini ya neno la kwanza. Labda atakwama katika neno la tatu. Yule mtoto aliyeketi karibu naye, aliyezoea kusoma kwa niaba yake, atataka kumdakia. Mzee mmoja na amguse bega anyamaze. Taa imewashwa, uji wa watoto uko jikoni, wala hapana mwenye safari usiku ule. Wamngoje.